Folda Iliyobaki Nje ya Mlango

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka sita nimekaa chumba kimoja na mtu anayepanga mafaili. Tumekigawa chumba kwa pazia ambalo halijawahi kufungwa. Upande wa dirisha ni wangu, una cherehani mbili na meza ya kukatia. Upande wa ukuta ni wake: kompyuta, kiti kinacholia kila akigeuka, na kabati la chuma ambalo ndilo lililompa jina. Wateja waliokuja kumtafuta walimwita "yule wa kabati", halafu wakafupisha, na siku hizi hata mkewe humwita Kabati akiwa amemkasirikia.

Kazi yake ni tovuti za watu. Si kuzitengeneza mpya zenye picha zinazoruka ruka, la. Yeye huitwa tovuti ikishavurugika kama droo ya jikoni. Watu wamepakia mafaili miaka kumi bila mpango, moja linaitwa "barua mpya", lingine "barua mpya ya mwisho", na la tatu "ya mwisho kabisa tumia hii". Kabati hukaa akapanga: mwaka kwanza, mwezi, kisha jina, herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati. Nimemwona akiitazama folda iliyonyooka kwa furaha ile ile ninayopata mimi nikiutazama upindo mzuri. Lakini niseme kweli, alikuwa na dharau. Mteja akikosea, Kabati huweka simu chini na kuniambia, "Fundi, watu hawa!" Alizoea kuwa sahihi, na mtu akizoea hivyo muda mrefu, siku anapokosea hajui pa kuweka uso.

Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Ni mkunga mstaafu, mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti ya kuamrisha. Ndiye pia aliyemletea kazi ya chama cha wakunga.

Wakunga hao wana desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwezi mmoja wao huandika kosa alilolifanya kazini. Huliandika lote, bila kujipamba, na bila kumtaja mgonjwa kwa jina. Barua huanza kwa maneno yale yale, "Nilikuwa zamu," na wenzake wakishaisoma hujibu neno moja, "Nimesoma." Hakuna kulaumu wala kupeana pole. Shangazi ndiye aliyeanzisha, miaka thelathini iliyopita, kwa daftari moja lililopita mkono kwa mkono. "Mficha uchi hazai," alikuwa akiwaambia, na kati ya watu wote wakunga ndio wanaoijua vizuri methali hiyo. Daftari lilipochakaa, wakataka barua za zamu ziwe kwenye tovuti, ili na wale wa zahanati za mbali wazisome.

Kabati akawawekea programu ya uanachama. Mwanachama anaandika jina lake na neno la siri, mlango unafunguka, anasoma. Alinieleza mimi nisiyejua kitu kwa namna ambayo sijaisahau.

"Fundi, hii programu ni mlinzi, ila analinda chumba kimoja tu. Kilicho ndani ya folda yake hakitoki bila neno la siri. Kilicho nje, hana habari nacho. Kwa hiyo kazi siyo kumweka mlinzi. Kazi ni kupanga kipi kikae ndani na kipi kikae nje."

Nilimwona mtu makini sana.

Tabu ilikuwa Shangazi. Kila Jumatatu asubuhi simu ililia. "Mwanangu, lile neno limenitoka." Alishaliandika kwenye karatasi, akalibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, na bado alikosea: leo herufi kubwa badala ya ndogo, kesho miwani iko kwingine. Kabati alimwonya kuwa neno la siri halibandikwi ukutani. Alimwonya kwa upole mwanzoni, baadaye kwa kuuma meno.

Jumatatu moja, akiwa na tovuti tatu za kumaliza, simu ikalia tena. Alipoikata akaniambia, "Leo nampa dawa." Akatengeneza folda nyingine, nje ya ile ya mlinzi, akaiita "muda". Akanakili humo barua zote za zamu, akamtumia Shangazi linki: abonyeze mara moja, asome, asiulizwe neno lolote.

"Nimemtobolea mlango wa uani," akasema. "Wiki ijayo nautia kufuli."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni na nusura niimeze moja.

Wiki ijayo ikawa miezi minane. Jumatatu zilikuwa kimya, na utamu wa kimya kile ulimlevya. Kila barua mpya ilipoandikwa aliiweka ndani kwa mlinzi, kisha nakala akaitupia kule nje. Siku moja nilimuuliza kama kufuli limeshapatikana. "Nani ataijua anwani ile?" akanijibu. Hakuna mtu aliyehitaji kuijua. Mitambo ya kutafutia mtandaoni hupita ikichungulia kila kilicho wazi, na haibishi hodi.

Jumanne ile ya balaa tuliondoka pamoja. Yeye ameitwa haraka na ofisi ya wakunga, mimi nina furushi la aproni walizoagiza. Ofisi yao ni chumba kirefu chenye meza moja, sakafu inanuka dawa, na ukutani pana picha za mtoto tumboni mwezi kwa mwezi. Tukawakuta kama wanane wamekaa. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha. Mkabala naye alikaa mkunga wanayemwita Mpole, macho yamevimba. Mezani palikuwa na karatasi mbili zilizochapwa.

Mkunga Mkuu, mwenyekiti wao, hakuzunguka.

"Jana mama mmoja alikuja zahanati kwa Mpole na karatasi hizi. Mwanawe mkono wa kushoto haunyanyuki. Ameandika kwenye simu 'mtoto mkono haunyanyuki tangu kuzaliwa', ikamletea barua ya zamu ya Mpole. Jina halimo, lakini mama anamjua mwanawe. Taa zilizozimika, blanketi la njano, mkunga aliyevuta kwa haraka. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, 'Ni wewe?'"

"Nikamwambia ndiyo," Mpole akasema, akitazama mikono yake.

"Na sasa amesimamishwa mpaka wakubwa wakae," akamalizia Mkunga Mkuu.

Kwamba mama yule alistahili kuambiwa, tena mapema, na mtu aliyeketi mbele yake na kumshika mkono, hilo mimi sibishani nalo. Lakini hakustahili kuokota habari ya mwanawe kwenye simu akiwa peke yake, kama mtu anayeokota karatasi barabarani.

"Haya, fundi wetu," Mkunga Mkuu akamgeukia Kabati. "Imetokaje?"

Kabati akazichukua karatasi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na furushi langu. Ukichapa ukurasa wa mtandaoni, chini kabisa hutokea anwani kwa herufi ndogo ndogo. Macho yangu yamezoea tundu la sindano, kwa hiyo niliisoma. Katikati ya anwani ile liliandikwa neno "muda". Yeye naye aliliona. Nilijua kwa sababu kidole chake gumba kilisogea taratibu kikalifunika.

Nilimsubiri aseme.

"Mfumo uko salama," akasema. "Nimeukagua. Inaelekea kuna mwanachama ambaye neno lake la siri limefika kwa watu wengine."

Alilisema kwa sauti ya daktari. Wanawake wanane wakatazamana. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nilikumbatia furushi langu nikajiambia kuwa hayanihusu.

Ndipo Shangazi akasimama.

"Msitafutane. Ni mimi. Neno langu liko kwenye kabati la jikoni, kila aingiaye analiona. Wanaingia majirani, wanaingia wajukuu, juzi aliingia fundi bomba. Mwanangu huyu kanionya mpaka kachoka, sikumsikia." Akamgeukia Mpole. "Nisamehe mwenzangu. Miaka yote nawaambia msijifiche, kumbe mimi ndiye wa kukuanika."

Hakujua kuwa barua hazikuvuja kwa neno lile, ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelitumia miezi minane. Ile linki aliidhani ni kitufe chake peke yake, alichopewa kwa heshima ya uzee. Akasema mtu asiyeweza kutunza siri za wenzake hana haki ya kuzisoma, na kwamba anatoka kwenye chama. Mkunga Mkuu akamsihi. Akakataa. Akachukua mkoba wake, akapita nyuma ya kiti cha Kabati, na akamgusa bega kidogo, kama anayemwomba radhi na yeye pia.

Kabati alikuwa anatazama meza.

Tulipofika chumbani kwetu aliketi, kiti kikalia, na kabla sijamaliza kutunga uzi akawa ameshaifuta folda ile.

"Nimeitoa," akasema. "Hakuna kitakachovuja tena."

"Sikukuuliza habari za folda."

"Nitamwambia, fundi. Ngoja yapoe."

"Yapoe kwa nani?"

Akageukia kompyuta. Siku zilizofuata alikuwa akifungua folda zilizokwishapangwa na kuzipanga upya, akibadilisha majina ya mafaili yasiyo na kosa. Simu ikilia anashtuka. Mteja mmoja alipomwambia kwa kicheko kwamba amefuta ukurasa kwa bahati mbaya, Kabati hakusema "watu hawa". Alisema, "Inatokea," kwa sauti ndogo. Nilimhurumia, na papo hapo nilitaka kumpiga na rula yangu ya mbao.

Mimi pia sikuwa na amani, na sina sababu ya kulificha hili. Nilicheka siku folda ile inazaliwa. Niliisoma anwani nikanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye mshona nguo.

Ijumaa Shangazi alikuja. Alikuwa na aproni nyeupe iliyokunjwa vizuri, niliyomtarizia mimi mwenyewe kwa uzi wa buluu, kifuani, MKUNGA MWANZILISHI. Akaiweka mezani kwangu.

"Fumua maandishi, mpe mwingine. Kitambaa bado kizima."

"Shangazi, hii ni yako."

"Ilikuwa." Akamgeukia Kabati, akampa mayai sita yaliyofungwa kwenye gazeti, ya kuku wake, kama alivyozoea kumletea. "Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulinionya."

Na yeye akayapokea! Akasema, "Asante, shangazi," mtu mzima yule, mwenye ndevu na watoto wawili. Shangazi alipotoka nilisikia hatua zake zikishuka ngazi moja moja, na nikaona haya kiasi kwamba nilitamani sakafu ya chumba chetu ipasuke itumeze sote wawili, pamoja na cherehani.

Nikaichukua aproni, nikaitandaza juu ya kompyuta yake, na wembe wa kufumulia nikauweka juu yake.

"Fumua wewe."

"Mimi sijui."

"Utajua. Anza na M."

Alidhani natania, kisha akaniangalia usoni. Akaushika wembe kwa vidole viwili. Uzi wa kutarizi ukiufumua hutoka vipande vipande, na kitambaa hubaki na vitundu. Alitoa M. Akatoa K. Alipomaliza U wembe ukaanza kuteleza, nikamwambia aache asije akaichana. Akaufunika uso wake kwa aproni ileile, akalia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu.

"Nitaanzaje kumwambia, fundi?"

"Wenyewe wanaanzaje?"

Akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akampigia Mkunga Mkuu, akamweleza yote nami nikisikia, na akamwomba ruhusa ya kuandika barua ya zamu.

"Barua za zamu ni za wakunga," Mkunga Mkuu akamjibu. Kisha, "Andika."

Alinisomea kabla ya kuiweka.

"Nilikuwa zamu. Nilipewa barua zenu nizilinde. Nilizinakili nje ya mlango kwa sababu nilichoka kupigiwa simu na mtu aliyenilea. Fundi mwenzangu aliniuliza kama nimeifunga folda ile, sikuifunga. Mlipouliza imetokaje, niliuona ushahidi na nikaufunika kwa kidole. Nilisema mfumo uko salama. Yeye, asiye na kosa, akasimama. Mimi mwenye kosa nilikuwa nimeketi."

Chini akaandika anwani yote ya folda, lini aliifungua na lini aliifuta, ili Mpole aipeleke kwa wakubwa wake. Barua akaiweka ndani ya folda ya mlinzi. Halafu akachukua simu yangu, isiyo na neno la siri lolote, akajaribu kuifungua kwa nje. Ikakataa. Akajaribu mara tatu.

Majibu yakaanza kuingia siku hiyo hiyo. Nimesoma. Nimesoma. Kutoka zahanati asizozijua, kutoka kwa wanawake ambao hajapata kuwaona. Alisema kila moja lilimwingia kama sindano, kwa sababu hakuna hata moja lililomtukana ili ajitetee. Mpole alijibu siku ya pili. Kabati alimfuata mpaka kwake. Mpole hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akasema, "Nimesoma. Inatosha. Nimeitwa kwa mama wa mtoto kesho, nataka kupumzika." Kabati akarudi akaniambia hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

Jina moja tu halikuonekana. Mara mbili Kabati alikwenda hadi getini kwa shangazi yake, na mara mbili akarudi. "Miguu ilikataa," akaniambia. Sikumcheka.

Wiki mbili zikapita, kisha Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, wenzangu hawanipi nafasi, wanasema nikasome. Lile neno limenitoka."

Kabati akasimama kabisa. "Shangazi, ngoja nije. Nataka nikwambie mwenyewe kwa mdomo."

"Nimeomba neno la siri."

"Shangazi..."

"Nitasoma kama wenzangu wanavyosoma."

Akamtengenezea jipya. Akamsomea herufi moja moja, ile ndogo, ile kubwa, namba. Shangazi alikosea, wakarudia. Akakosea tena, wakarudia. Ilichukua karibu nusu saa, na sikumsikia Kabati akiuma meno hata mara moja. Hatimaye mlango ukafunguka, na simu ikakatwa bila kwaheri.

Tulikaa. Mimi nilishona mshono mmoja nikaufumua. Baada ya saa nzima likatokea jina lake kwenye kioo cha kompyuta, chini ya majina mengine yote: Nimesoma.

"Bora angenilaani," Kabati akasema.

Kesho yake Shangazi alikuja. Mkononi hakuwa na mayai. Alinisalimia mimi, akavuta kiti changu cha wateja, akaomba aproni yake. Nikampa. Akaikunjua, akapitisha kidole juu ya vile vitundu mahali palipokuwa na herufi tatu.

"Nani kafumua?"

"Mimi, shangazi," Kabati akasema.

"Basi rudishia wewe."

Nikamtungia uzi wa buluu, nikampa sindano, nikarudi kwenye kazi yangu nikijifanya hamnazo. Alijichoma mara nyingi. Shangazi hakumsaidia wala hakumharakisha. Alikaa ameukumbatia mkoba wake na kumtazama vidole, kama alivyokaa bila shaka na wanawake wengi wenye uchungu. Katikati ya K aliuliza, "Mayai ulikula?"

"Hapana. Nilishindwa."

"Yako wapi?"

Kabati akaonyesha kabati la chuma. Yalikuwa humo, yote sita, yamepangwa kwa mstari.

"Yatakuwa yameharibika," Shangazi akasema. "Ukayatupe."

Ilipofika adhuhuri herufi zilikuwa zimerudi, na zilikuwa vituko. M imelala, K mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, U imefumba mdomo. Zikafuatiwa na zangu zilizonyooka kama askari. Nikasema nizifumue nizitarizi upya, dakika kumi tu.

"Acha hivyo hivyo," akasema. Akaikunja, akaondoka.

Mkutano wa mwezi uliofuata aliivaa. Nilikuwapo kupima aproni za wanachama wapya, na Kabati alikuwa mbele, amepiga magoti chini ya meza, anachomeka waya wa kompyuta. Mpole alikuwa amerudi kazini na alikuwa amekaa karibu na Shangazi. Mmoja wa wale wapya, msichana mchangamfu asiyejua lolote, akaitazama aproni ile kifuani na kucheka.

"Bibi, nani kakushonea hivi?"

Shangazi akajitazama kifuani, akazinyoosha herufi zile tatu kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema.

Waya ulikuwa umeshachomekwa, lakini Kabati alibaki chini ya meza.